Debe la Orval

Karatasi zilikaa serikalini miezi kumi na moja.
Mara ya kwanza zilirudishwa: alama za vidole hazisomeki.
Orval Stensrud akanikunjulia viganja
kama mtoto aliyeambiwa akanawe.
Miaka thelathini na miwili ya kiwanda cha mbao
ilimpiga randa hadi ncha za vidole;
mistari yake imebaki kwenye sakafu za watu, huko Boise.

Leo limefika. Lurene kalibeba mwenyewe
ndani ya taulo la jikoni, kama mkate wa moto,
akaliweka juu ya meza yangu, akarudi nyuma hatua mbili.
Bomba jeusi, urefu wa shubiri.
Ndani vyumba na vyumba:
mshindo huingia na haraka ya mwizi,
hutoka na adabu ya mgeni aliyechelewa msibani.

Debe tupu haliachi kuvuma, inajulikana.
Hili utupu wake ndio kazi yake.

Bastola ni ya arobaini na tano, kongwe kuliko ndoa yao.
Mtutu wa zamani uliishia ndani, hauna pa kushikia kitu.
Nimeipa mwingine, unaochungulia nje nusu inchi,
umechongwa hesi safi mdomoni.
Tone la mafuta. Nikazungusha.
Kuna mahali hesi hukubali,
mkono hujua kabla ya jicho:
chuma kinaacha kubishana na chuma.

Kisha nikainua nilenge, nikaona debe tu.
Limeiziba macho.
Nikang'oa kilengeo kifupi, nikapandisha kirefu,
bastola ikawa kama mtu kwenye foleni ya benki
anayechungulia juu ya bega la aliye mbele.

Na uzito. Mtutu huu hauketi tuli:
kila risasi unarudi, unainamisha kichwa, unarejea.
Utundikie mzigo, utasusa.
Ndiyo maana shingoni mwa debe pana springi,
ili kwa nukta moja debe libaki peke yake hewani
na mtutu uende zake ukidhani uko huru.
Nilimweleza Orval haya kwa kupaza sauti. Akaitikia tu.
Lurene akamweleza upya, polepole, akitazamwa midomo.
Hapo akaelewa.

Siku alipoagiza nilimuuliza, kwa mkono na kwa kalamu:
masikio yako yamekwisha, unamnunulia nani kimya?
Akasema, "Yangu ni mawili.
Nyumbani kwetu yapo manne."

Nyuma ya karakana pana mteremko wa udongo
na bamba la chuma lililochoka.
Miaka yote, Orval akishika bastola,
Lurene huenda garini,
hupandisha vioo, huwasha redio, huhesabu hadi saba.
Nimeyaona mabega yake yakiruka kila hesabu.
Leo alishika mpini wa mlango.
Akauachia.
Akaja akasimama kando yangu, mikono kwapani,
uso wa mtu anayesubiri sindano.

Msidanganywe na sinema. Haikunong'ona.
Ulikuwa mlango mzito, umebamizwa na upepo
chumba cha tatu kutoka hapa.
Kisha ganda likaanguka juu ya kokoto: ting.
Miaka tisa nafyatulia hapo
na sauti hiyo sikuwahi kuisikia,
kwa kuwa siku zote ilianguka ndani ya radi.
Kunguru juu ya nguzo ya umeme aligeuza shingo,
akaendelea na shughuli zake.

Orval hakusikia kitu, si mlango, si ganda.
Aliishusha bastola, akageuka,
hakutazama bamba.
Alitazama mabega ya mkewe.

"Bado ina kelele," Lurene akasema.

"Eti?"

"Nimesema, piga nyingine."